Tusimsifu Muuguzi ili Kumnyamazisha





Liko neno moja ambalo katika vikao vyetu limegeuzwa kuwa kifuniko cha chungu kinachonuka. Neno hilo ni wito. Muuguzi wa zahanati akisema kwamba stahili zake za miezi kadhaa hazijalipwa, hujibiwa kwamba uuguzi ni wito. Mkunga akieleza kwamba amezalisha usiku kucha kwa mwanga wa tochi, huambiwa awakumbuke masista wa zamani. Mama mjamzito akiagizwa aje na glovu, wembe, uzi na mpira wa kutandika kitandani, nasi tukauliza fedha za vifaa zimekwenda wapi, wapo wanaotugeukia na kusema: "Masista walifanya kazi kwa moyo, watu wa siku hizi wanapenda fedha mno." Basi mjadala hufungwa, watu hupiga makofi, na mume wa mama yule huondoka kwenda dukani kununua glovu.

Sisi wa Haki na Amani tunasema wazi kwamba maneno hayo ni dhuluma maradufu. Yanamdhulumu muuguzi aliye hai, na yanamdhulumu mtawa aliyekwisha kufa kwa kumfanya shahidi katika shauri ambalo hakuitwa kulitolea ushahidi. Ili jambo hili lieleweke tumeona vema kuyachukua maisha ya mtawa mmoja muuguzi, ambaye Kanisa limemtangaza kuwa Mwenye Heri, na kuyatazama kwa makini, tuone kama kweli yanafundisha hayo wanayoyadai. Naye ni Sista Irene Stefani wa Shirika la Masista Wamisionari wa Konsolata. Wengi wanamhesabu kuwa mtu wa Kenya, nao hawakukosea, maana huko ndiko alikozikwa. Lakini sehemu kubwa ya kazi yake ya kuuguza ilifanyika katika nchi yetu hii, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam, na yawezekana kabisa kwamba kati ya wagonjwa wake walikuwamo babu zetu wa Usukumani.

Aliuguza watu gani?

Alizaliwa Anfo, katika mkoa wa Brescia, kaskazini mwa Italia, tarehe 22 Agosti 1891. Mwaka huohuo, miezi mitatu kabla ya kuzaliwa kwake, Papa Leo XIII alitoa waraka wake juu ya hali ya wafanyakazi, Rerum Novarum, uliofundisha kwamba ujira wa haki si zawadi ya tajiri bali ni deni lake. Tunalitaja hili mapema kwa sababu wanaolipenda neno wito husahau kwamba Kanisa lililomlea Sista Irene ndilo hilohilo lililofundisha juu ya mshahara.

Mwaka 1911 alijiunga na shirika lililokuwa changa sana, lililoanzishwa mjini Torino mwaka 1910 na Padre Yosefu Allamano, ambaye leo tunamwita Mtakatifu tangu tarehe 20 Oktoba 2024. Aliweka nadhiri Januari 1914, na Januari 1915 aliteremka Mombasa akiwa na umri wa miaka 23. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeanza miezi michache tu kabla. Wazungu waliokuwa wakipigana kwao walikuwa wameileta vita hiyo hadi kwetu, Waingereza upande wa Kenya na Wajerumani upande huu.

Hapa yatupasa kukaa kidogo, maana hapa ndipo masimulizi mengi ya masista hupita mbio. Vita ile ilipiganwa katika nchi isiyo na barabara za magari, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ndorobo. Kwa hiyo chakula, risasi, mahema na mizinga vilibebwa juu ya vichwa vya watu. Mwaka 1915 serikali ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipitisha sheria ya kuwaandikisha wapagazi kwa shuruti, na mshahara wa mpagazi ukateremshwa hadi rupia 5 kwa mwezi. Mwaka 1917, baada ya vita kuhamia kusini huko Kilwa na Lindi, ukafanyika msako mkubwa wa watu, wilaya kwa wilaya. Wajerumani nao hawakuwa na huruma zaidi. Walichukua watu na nafaka bila kulipa, nyuma yao wakiacha njaa. Wasukuma na Wanyamwezi, waliojulikana tangu karne ya 19 kwa nguvu zao katika misafara ya kwenda pwani, walikuwa wa kwanza kutafutwa na kila jeshi lililopita.

Upande wa Waingereza peke yao, wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi waliokufa wanakaribia 100,000. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria, kwa vichomi, na kwa unga wa mahindi ambao haukuiva, waliopewa watu ambao tumbo lao lilizoea vyakula vingine na ambao hawakupewa hata muda wa kuupika. Hao ndio waliolazwa katika hospitali za Kikosi cha Wapagazi. Kikosi hicho, kwa ulimi wa watu wetu, kiliitwa Kariakoo, na kambi yao ya Dar es Salaam ndiyo iliyoacha jina lake sokoni tunakopeleka mchele wetu. Wangapi kati yetu, wakishuka basi pale na kutafuta bei, hujua kwamba wanakanyaga kambi ya watu waliokufa wakibeba mizigo ya vita isiyowahusu?

Sista Irene alipelekwa kwa wagonjwa hao. Alianza Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Alisafisha vidonda, alilisha wasioweza kuinua mkono, alijifunza lugha zao ili aweze kuwauliza jina na kwao. Si jambo dogo hili la kuuliza jina. Katika daftari za jeshi mpagazi alikuwa namba iliyochongwa kwenye kibati cha shingoni, na alipokufa kibati kilirudishwa. Yasimuliwa katika habari za maisha yake kwamba safari moja alirudi wodini akakuta kitanda cha mgonjwa aliyekuwa akimwandaa kwa Ubatizo kiko wazi. Akaambiwa amekufa na amekwisha kutolewa. Akaenda ufukoni ambako maiti walirundikwa wakingoja kuzikwa au kuchukuliwa na maji, akawapekua mmoja mmoja, akamkuta mtu wake angali na pumzi, akamtoa chini ya maiti.

Masimulizi hayo tumeyasikia yakihubiriwa, nasi twayapokea kwa machozi kama wengine. Lakini karibu kila mara mahubiri huishia hapo, kwenye mikono ya sista. Hakuna anayeuliza: rundo lile la maiti lilitoka wapi? Nani aliwaweka pale? Rundo la maiti ufukoni si mvua ya mawe. Liliandikwa kwanza katika karatasi, likapigwa mhuri, likapewa bajeti. Watu waliotia sahihi sheria ya mwaka 1915 walijulikana kwa majina na vyeo. Vita ilipokwisha, na Jenerali von Lettow-Vorbeck aliposalimu amri huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, mishahara ya maelfu ya wapagazi waliokufa ilibaki bila kuchukuliwa. Suala la fedha hizo lilijadiliwa na wakubwa kwa miaka mingi, na mwisho wake ni kwamba warithi hawakuziona.

Sasa tunawauliza wale wanaopenda kusema kwamba sista alifanya kazi bila kudai: je, wapagazi nao walifanya kwa wito? Rupia 5 zisizolipwa, nazo tuziite sadaka?

Huruma na malalamiko ni ndugu

Tutaambiwa kwamba Sista Irene mwenyewe hakupiga kelele juu ya sheria hizo. Ni kweli kwamba hatumjui kama mwandishi wa makaratasi ya kupinga serikali. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mgeni, mwenye nadhiri ya utii, katika hospitali ya jeshi wakati wa vita. Yeye alifanya lile lililokuwa mkononi mwake. Lakini kimya chake hakiwezi kuwa sheria kwetu tulio na baraza la kata, diwani, mbunge, kamati ya zahanati na karatasi ya kura.

Tena, wakati uleule alikuwapo mtu wa Kanisa aliyesema. Frank Weston, askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, aliongoza kikosi cha wapagazi kutoka visiwani mwaka 1916, akitembea nao mguu kwa mguu. Aliona mzigo, aliona kiatu kisichokuwapo, aliona mazishi. Mwaka 1920 aliandika kijitabu kuishutumu serikali ya nchi yake mwenyewe kwa kuwalazimisha Waafrika kazi, akawalinganisha watu wetu na watumwa wa mashamba. Hakuwa Mkatoliki, wala hatuoni haya kumtaja. Muuguzi ufukoni na askofu mwenye kalamu walikuwa wakilitibu donda lilelile, mmoja akilifunga, mwingine akimshika mkono mwenye kisu. Kanisa likibaki na mmoja tu kati yao, linachechemea.

Na baada ya vita Sista Irene hakukaa na bandeji peke yake. Kuanzia mwaka 1920 alikuwa katika misheni ya Gikondi, Nyeri. Huko alifundisha shuleni, alitembea vilima kwa vilima kuwatazama wagonjwa na akina mama waliojifungua, hata watu wakamwita Nyaatha, yaani mama mwenye huruma. Lakini liko jambo jingine alilolifanya ambalo sisi tunalipenda kuliko yote, nalo husemwa kwa sentensi moja tu vitabuni: aliwaandikia barua wasiojua kuandika. Vijana walikuwa wamekwenda Nairobi na Mombasa kutafuta fedha ya kodi, wazazi wamebaki hawana habari. Yeye aliketi, akasikiliza, akaandika, akaisoma barua iliyorudi. Huu ni uuguzi ambao hauhitaji dawa hata moja. Mtu asiyeweza kuandika malalamiko yake ni mgonjwa aliyefungwa mdomo, na katika kila jumuiya yetu wapo watu kama hao, wenye karatasi za shamba, za mirathi, za mazao waliyokopwa na hawakulipwa. Vijana wetu waliomaliza kidato cha nne wapo. Kalamu zipo.

Alikufa Gikondi tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na miaka 39, kwa ugonjwa wa tauni alioupata alipokwenda kumwuguza mwalimu mmoja aliyekuwa mahututi kwa ugonjwa huohuo. Alitangazwa Mwenye Heri mjini Nyeri tarehe 23 Mei 2015, na aliyeiongoza ibada ile kwa niaba ya Baba Mtakatifu Fransisko alikuwa Kardinali Polycarp Pengo, wakati huo Askofu Mkuu wetu wa Dar es Salaam.

Tena tazameni muujiza uliokubaliwa. Haukuwa wa tajiri kupona kansa katika hospitali ya Ulaya. Ulitokea Nipepe, kaskazini mwa Msumbiji, Januari 1989, wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe. Makatekista na waamini zaidi ya 200, pamoja na watoto, walikuwa wamejifungia kanisani huku risasi zikipigwa nje, bila maji, kwa siku kadhaa. Walimwomba Sista Irene, na maji machache yaliyokuwa katika kisima cha Ubatizo yakawatosha kunywa na kumwosha mtoto aliyezaliwa humo humo. Mbingu, kama tunaruhusiwa kusema hivyo, zilimjibu muuguzi wa wapagazi kwa kuwapa maji watu wengine waliokuwa wamenaswa katika vita ya wakubwa.

Swali la "nani" tunaliuliza mahali pasipostahili

Ndugu zetu, sisi wa Ipililo na Maswa yote si watu wasiojua kuuliza nani. Laiti tungekuwa hatujui! Mtoto akifa kwa degedege, swali la kwanza katika nyumba nyingi ni: nani amemroga? Ng'ombe wakianguka: nani? Jibu, aghalabu, hupatikana kwa mwanamke mzee, mjane, mwenye macho mekundu. Macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe na mabua aliyopikia miaka hamsini, kwa kuwa miti imekwisha. Uchunguzi wa serikali ulihesabu zaidi ya watu 3,000 waliouawa nchini kwa tuhuma za uchawi kati ya mwaka 1970 na 1984, na sehemu kubwa ilikuwa huku kwetu Usukumani. Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928, nayo haikumzuia mtu kunoa panga. Baadaye, hasa kati ya mwaka 2006 na 2015, zikaja aibu za kuwakata viungo ndugu zetu wenye ualbino.

Tunasema hivi kwa uchungu: mtu anayejua kumtafuta mchawi usiku kucha, kwa gharama ya ng'ombe wawili kwa mganga, hashindwi kwenda ofisi ya kijiji asubuhi kuuliza kwa nini dawa ya malaria haikuwapo zahanati siku ile mtoto alipopata degedege. Swali ni lilelile. Ila moja linamwua bibi kizee asiye na mtetezi, na jingine linamtaka mtu mwenye kiti na mhuri ajieleze. Ndiyo sababu la kwanza ni jepesi. Na muuguzi, awe mtawa au mlei, ndiye mtu wa kwanza kijijini anayeweza kusema kwa ushahidi: mtoto huyu alikufa kwa malaria, si kwa bibi yake. Muuguzi aliyeachwa bila kipimo na bila dawa hawezi kulisema neno hilo likasadikiwa. Kwa hiyo zahanati tupu haiui wagonjwa tu. Inaua na wazee.

Hapa tusifichane. Baada ya Uhuru matibabu ya serikali yalikuwa bure. Kuanzia mwaka 1993, chini ya shinikizo la wakopeshaji wa kimataifa, uchangiaji ulianza kuingizwa hatua kwa hatua. Tukaambiwa kwamba wajawazito, watoto walio chini ya miaka 5 na wazee wasio na uwezo wamesamehewa. Msamaha huo umeandikwa vizuri sana. Lakini mama aliyesamehewa ada akaambiwa alete glovu zake mwenyewe amesamehewa nini? Aprili 2001, wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Mwaka 2023 nchi yetu imetunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sisi hatuipingi, twaiombea ifike hadi nyumba ya mwisho. Ila tunajua kutoka mfuko wa afya ya jamii uliotungiwa sheria mwaka 2001 kwamba kadi ya bima mbele ya kabati tupu ni karatasi tu.

Wala Kanisa halitoki katika jambo hili likiwa safi. Wamisionari waliokuja kwetu, hasa wa Maryknoll kutoka Marekani walioikabidhiwa Vikarieti ya Maswa ya mwaka 1950, iliyokuja kuitwa Jimbo la Shinyanga, walijua kwamba misheni isiyo na shule na dawa haisimami. Mwaka 1992 serikali na makanisa walikubaliana juu ya huduma za jamii, na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ikaundwa. Ni jambo jema. Lakini katikati ya miaka ya 2000, serikali ilipopandisha mishahara yake, wauguzi wengi waliondoka katika hospitali za makanisa kote nchini. Na wakubwa wetu wengine walisema nini? Kwamba hawana wito! Mtu mwenye watoto wanne, anayeona mwenzake wa ng'ambo ya barabara akipata mshahara mkubwa zaidi na pensheni, akiondoka tunamhubiria habari za masista, ambao wana nyumba ya shirika, meza ya shirika, na dada zao wa kuwauguza uzeeni. Mtawa aliacha mali kwa hiari yake mbele ya altare. Huwezi kumwekea nadhiri ya ufukara mtu ambaye hakuiweka. Mtume Yakobo alikwisha kusema kwamba ujira uliozuiliwa unalia wenyewe, na kwamba kilio chake kinasikika juu. Hakuweka pembeni shamba la parokia.

Tutaulizwa: na wauguzi wanaotukana je? Hatuwatetei. Muuguzi anayempiga mama katika uchungu wa kuzaa, anayemwita "mshamba" kwa sababu hajui Kiswahili vizuri na anasema Kisukuma, anayedai chai kabla ya kumdunga mtoto sindano, huyo anatenda dhuluma, na kutolipwa kwake hakumtakasi. Sista Irene aliwaendea wapagazi waliokuwa wakinuka, waliomtazama kwa hasira kwa kuwa alikuwa na rangi ya wale waliowakamata, naye hakuwajibu kwa hasira. Hilo tunalitaka kwa kila muuguzi, kwa sauti ileile tunayodai mshahara wake. Wala mtu asitufanye tuchague moja.

Miaka 76 baada ya kifo cha Irene, mwanamke mwingine wa shirika lake alionyesha jambo hili kwa namna yake. Sista Leonella Sgorbati, muuguzi, alifika Kenya mwaka 1970, akafanya kazi katika hospitali za Nyeri na karibu na Nairobi, na tangu mwaka 1985 akawa mkuu wa shule ya uuguzi ya Nkubu, Meru. Mwaka 2001 alikwenda Mogadishu, Somalia, mji ambao wengi walikuwa wakiukimbia. Hakwenda kugawa vidonge tu. Alianzisha shule ya wauguzi, ili Wasomali wenyewe wawe na watu wao wenye ujuzi na cheti. Tarehe 17 Septemba 2006, akitoka darasani, alipigwa risasi pamoja na mlinzi wake, Mwislamu, Mohamed Mahamud, baba wa watoto wanne, aliyekufa akijaribu kumkinga. Habari zilisema kwamba alirudia neno la msamaha mara tatu kabla ya kukata roho. Alitangazwa Mwenye Heri tarehe 26 Mei 2018 mjini Piacenza. Yeye aliona kwamba kumtendea haki mgonjwa ni kuhakikisha kuna muuguzi aliyefunzwa hata siku ambayo sista hayupo. Shule, vitabu, mishahara ya walimu, vyeti vinavyotambuliwa: hivyo navyo vilikuwa sala zake.

Kwa hiyo, tunaomba mambo yafuatayo yafanyike kabla ya tarehe 31 Oktoba, siku ya kumkumbuka Mwenye Heri Irene, nasi tutapita kuuliza.

Halmashauri ya Walei iwaombe viongozi wa kijiji kwamba mapato na matumizi ya zahanati, pamoja na orodha ya dawa zilizopokelewa, yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, kwa sauti, na kwa Kisukuma pale panapohitajika. Ni haki ya kila mwananchi, wala si fitina. Na pale ambapo mwajiri ni Kanisa, kamati ya fedha iseme mbele ya waamini kama watumishi wote wana mikataba ya maandishi na kama michango yao ya pensheni imepelekwa. Tukidai serikali isome hesabu zake huku sisi tumefunga daftari zetu, hatutasikilizwa, na tutakuwa tumestahili.

WAWATA, ninyi mnaowajua wazee wote wa kitongoji, tunawaomba kila jumuiya iwe na akina mama wawili wa kumsindikiza zahanati bibi yeyote aliyeanza kunyooshewa vidole, atibiwe macho na atazamwe, na habari ipelekwe kwa mtendaji siku hiyohiyo. Msingoje usiku.

Vijana waketi baada ya Misa ya Dominika ya kwanza ya kila mwezi, chini ya mti au katika darasa la katekista, wawaandikie barua na malalamiko wale wasioweza. Kalamu na karatasi zitatoka katika mfuko wa Haki na Amani.

Na lipo la mwisho. Waulizeni wazee waliobakia, na watoto wa wazee, kama yuko wa ukoo aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita ya Wajerumani na Waingereza asirudi. Jina lake, jina la baba yake, na kijiji alichotoka viandikwe katika daftari la jumuiya na kuletwa kwa katibu wa parokia. Tumemwomba Baba Paroko majina hayo yasomwe katika Misa ya tarehe 2 Novemba, pamoja na marehemu wetu wengine, moja moja, hata kama yatakuwa mengi na ibada ikachelewa.